Mbao Zangu, Sebule Yake

Nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwa mdogo wangu, nyundo mkononi, nikigongelea mbao zangu kwenye nyumba yake. Baba alikuwa mbele yangu, naye kapiga magoti, shavu lake karibu liguse sakafu, akichungulia mahali ubao mmoja ulipokutana na mwingine. Kila nilipopiga alisema bado. Nikapiga tena. Bado. Nikapiga kwa nguvu ambazo si zote zilikuwa za kazi, na ubao ukaingia kwenye mwenzake kwa mlio mfupi, kama mlango wa kabati uliofungwa na mtu mwenye hasira. Baba akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye maungio. Ukucha haukukwama popote. Akatabasamu, ila hakunitazama mimi. Alimtazama mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, miguu peku, asijue aingie au abaki palepale.

"Umeona?" baba akamwambia. "Hapo hata maji yataomba njia."

Mdogo wangu akacheka. Mimi nikachukua ubao mwingine.

Hizo mbao lazima nizieleze, maana nisipozieleza nitaonekana mtu wa roho mbaya bure. Roho mbaya nilikuwa nayo, sikatai, lakini haikuwa ya bure.

Baba alikuwa seremala. Mtaani walimwita Fundi Wembe, kwa sababu alipounganisha mbao mbili hata wembe haukupita katikati, na yeye mwenyewe alipenda kulionyesha hilo mbele ya wateja. Alitoa wembe kwenye mfuko wa shati, akaujaribu kwenye maungio, ukagoma, akaurudisha mfukoni. Alitengeneza milango, vitanda, meza na kabati za nusu ya mji. Sakafu hakuwahi kutengeneza hata moja. Na nyuma ya karakana yake, chini ya kipande cha paa la bati, alikuwa na rundo la mbao za mvule alizozipata kabla mdogo wangu hajazaliwa, zimelazwa juu ya matofali, na kati ya tabaka na tabaka kuna vijiti ili hewa ipite. Wateja walizimezea mate. Wengine walirudi kila mwaka kuzibembeleza. Baba aliwajibu kwamba hizo zina mwenyewe, basi, mazungumzo yakaishia hapo.

Kazi ya kuzigeuza ilikuwa yake na yangu. Kila mvua zilipokwisha tulizishusha moja moja, tukafuta vumbi, tukafukuza buibui, tukazipanga upya, upande wa chini ukiwa juu. Yeye alishika mwisho mmoja, mimi mwingine. Nilikuwa mwembamba kama ufagio na ule ubao ulinizidi urefu mara mbili au zaidi, lakini hakuwahi kuniambia nimwachie. Alisema, "Mwenzangu, inua." Ndivyo alivyoniita pale karakanani. Nyumbani nilikuwa mwanangu, nikivunja kitu nilikuwa wewe mtoto, ila nikishavuka kizingiti cha karakana nilikuwa mwenzangu. Alinifundisha kushika msumeno. Alinifundisha pia jambo moja alilolirudia mpaka nikawa naliota: usikate juu ya mstari, kata pembeni yake, nusu ya alama ya penseli ibaki kwenye ubao. Ukiula mstari wote, alisema, umekula na kipimo.

Kwa hiyo aliposema mbao zina mwenyewe, nilijua mwenyewe ni nani. Angekuwa nani mwingine? Tulikuwa watoto wawili tu, na yule wa pili alipiga chafya akikaribia vumbi la mbao, mama akampiga marufuku kukanyaga karakanani. Alikua na soksi nyeupe na vitabu vyenye jalada. Mimi nilikua na maranda kwenye nywele.

Kisha nikaanza kuota kifua, mama akaona si vizuri msichana kushinda kati ya wateja wanaume, nikarudishwa jikoni. Baba hakubisha. Lile neno mwenzangu likabaki kule karakanani pamoja na misumeno. Nikaolewa, nikapata kazi ya kuuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, misumari na rangi na bawaba, tukajenga nyumba yetu ndogo yenye sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Niliipaka mwenyewe, na nilipokuwa naipaka nilijiambia kuwa hiyo ni ya muda. Nilishazilaza zile mbao pale kwa macho, kutoka dirishani hadi mlango wa chumba. Hata mapazia nilinunua ya rangi itakayoendana nazo. Nilichosubiri ni baba kusema. Kila nilipokwenda kuwasalimu nilizunguka nyuma ya karakana kuzitazama, na kila mara nilizikuta, kavu, zimetulia, zinanisubiri.

Habari nililetewa na mama kwa simu, katikati ya maneno ya bei ya vitunguu na goti lake linalouma. Baba yako, alisema, anakwenda kumtengenezea mdogo wako sakafu kwenye ile nyumba yao mpya. Sakafu ya mbao. Si unazijua zile za nyuma? Nikamwomba arudie. Akarudia, kisha akaongeza kuwa baba amesema niende nikamsaidie, mgongo wake si ule wa zamani.

Nilipoweka simu chini, mteja aliyekuwa akisubiri misumari ya mbao nilimfungia ya bati. Alirudi baada ya muda akinung'unika, na mimi nikamjibu vibaya, mtu wa watu asiye na kosa lolote.

Ningeweza kukataa kwenda. Lakini kulikuwa na jambo moja baya kuliko kuziona mbao zangu zikiingia kwenye nyumba ya mtu mwingine, nalo ni zikaingie mimi nisione. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda.

Nyumba ilikuwa mpya kiasi kwamba kuta zilikuwa bado na harufu ya plasta, ukiweka kiganja ukutani unakitoa kina baridi. Shemeji, mume wa mdogo wangu, alikuwa safarini kikazi. Baba alikuwa ameshazipiga mbao randa zote, kila moja akaichongea ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili ili ziingiliane. Vumbi la miaka yote ile lilipotoka, chini yake kulikuwa na rangi ya asali ambayo hata mimi niliyezigeuza utoto mzima sikuwahi kuiona. Nilitaka kulia. Nikauliza kama tusingeziacha kwanza zikae ndani siku kadhaa zizoee nyumba, maana baba mwenyewe hufanya hivyo na milango. Akasema zimeshapumzika kuliko mzee wa pensheni. "Hizi," alisema akiipapasa moja, "zimeshamaliza utundu wao wote."

Sakafu, kwa maoni yake, ilikuwa meza isiyo na miguu. Kwa hiyo tuliitengeneza kama meza. Tulianza ukuta wa dirishani, tukaja tunarudi nyuma kwa magoti, ubao baada ya ubao, kila mmoja umebanwa kwa mwenzake mpaka jasho litutoke. Tulipofika ukuta wa mwisho, ubao wa kufungia ulikataa kuingia. Baba akauchukulia mtarimbo. Aliusukuma hadi ukaingia ukiguna, kisha akatoa wembe mfukoni akaujaribu kati ya mbao na ukuta. Wembe ukagoma. Uso wake ulikuwa wa kijana.

Siku zote zile nilisubiri aniite mwenzangu. Hakuniita. Aliniambia lete, shika, bado, hapo, geuza. Nilimjua kabla hajamaliza neno, mkono wangu ulishafika kwenye patasi kabla hajaitaja, ila neno lenyewe halikutoka. Mdogo wangu alikuja na chai, alikuja na maji, alikuja kuuliza kama anaweza kushika kitu, na baba kila mara alimwambia angalia mguu wako, mama, kuna msumari. Akarudi mlangoni. Mimi niliona anamdekeza, na nilimwonea wivu hata kwa kule kuhurumiwa nyayo.

Vanishi ilipokauka, mdogo wangu alivua ndala akajilaza chali katikati ya sebule, mikono ameitandaza, mwanamke mzima mwenye kazi na mume. Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa nakusanya vyombo. Nilirudi kwangu jioni ile, nikachukua brashi nikaanza kusugua ile saruji yangu nyekundu, nikasugua mpaka mume wangu akaja kusimama mlangoni na kuniuliza hiyo sakafu imenikosea nini. Nikamwambia imechafuka. Alitazama chini, akanitazama mimi, akaenda zake kuwasha redio.

Mvua zikaja. Mdogo wangu akanipigia nikiwa dukani, sauti ya chini kama ya mtu aliyejificha chooni. Dada, njoo. Usimwambie baba.

Nilikuta ameisukuma meza pembeni na kukunja zulia. Katikati ya sebule sakafu ilikuwa imeinuka, imefanya mgongo kutoka ukuta hadi ukuta, kana kwamba chini yake kuna mtu amelala kajifunika shuka. Nilisimama mlangoni na nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, furaha ilinipanda kifuani ikiwa ya moto kabisa, na nikaikaza midomo isije ikaonekana. Kisha nikakanyaga. Mbao zikalia chini ya mguu wangu, na furaha ikaniishia palepale, kwa sababu nilizijua hizo mbao na sikuwahi kuzisikia zikilia. Nikawaza pia wageni wakikaa hapa, wakiuliza kwa adabu nani alitengeneza, na mtu akijibu Fundi Wembe.

"Tutaitisha fundi mwingine," mdogo wangu akasema. "Baba asijue tu."

Nikamwambia fundi mwingine atacheka kwanza ndipo atengeneze, na kicheko chake kitafika mtaani kabla yake. Nikapiga magoti ukutani, nikang'oa ule ubao mwembamba unaofunika maungio ya ukuta na sakafu, nikajaribu kupitisha ukucha mahali ambapo baba alijaribu wembe. Haukupita. Ndipo nikaikumbuka milango. Mlango wowote wa baba ulifungwa ukiwa na uwazi mdogo pembeni. Mlango lazima uachiwe nafasi ya kunywa mvua, alikuwa akisema, la sivyo utakufungia nje. Na hapa alikuwa amechukua mbao zilizokauka miaka na miaka, zenye kiu kuliko mbao zote alizowahi kushika, akaziingiza kwenye nyumba yenye kuta mbichi, akazibana pande zote. Zilikunywa, zikavimba, zikakosa pa kwenda isipokuwa juu. Aliziamini mno. Mbao nyingine yoyote angeiachia nafasi.

Nikauchomoa ubao wa mwisho, ule wa mtarimbo. Ulipotoka, sakafu nzima ikashusha pumzi kama mtu aliyefungua kifungo cha suruali baada ya kula. Nikaupima upana wa kidole, nikachora mstari kwa penseli kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikaulaza ubao juu ya viti viwili. Nikamwambia mdogo wangu ashike mwisho ule.

Aliushika kama mtu anayeogopa kuibiwa. Nikamwambia asiuvute, aubebe tu. Nikaanza kukata. Vumbi likampanda puani akapiga chafya, akajifuta begani, hakuachia.

"Unajua kwa nini niliziomba?" akaniuliza.

Nikasema kwa sababu ni nzuri.

"Mimi mbao sina shida nazo, dada. Ningeweka vigae kama watu wengine. Nilimtaka baba." Alikuwa hanitazami, anatazama msumeno. "Nilidhani akifanya kazi humu ndani kwangu, na mimi nitakuwemo. Jambo la kwanza akasema atakuita wewe. Mkaja mkapiga magoti yenu, lete, shika, bado, mimi nikabaki na sinia mlangoni kama mfanyakazi."

Nilikuwa na majibu mengi yaliyokaa tayari tangu siku ya ile simu ya mama. Lililotoka lilikuwa la kitoto. Nikasema, "Zilikuwa zangu."

Akahamisha mikono kwenye ubao. Kisha akasema kwamba siku aliyokwenda kuziomba, baba alimjibu kama alivyowajibu wote, kuwa hizo zina mwenyewe. Akamuuliza mwenyewe ni nani. Baba akasema, mwenyewe hajawahi kuja kuziomba.

"Nikamwambia, basi mimi nimekuja," mdogo wangu akasema. "Alikaa muda mrefu, dada. Nusura niondoke. Halafu akasema haya."

Nikaendelea kukata, kwa kuwa msumeno ulikuwa umeshaingia katikati na hauwezi kuachwa hapo. Miaka yote ile nilizunguka nyuma ya karakana kuzitazama, na yeye labda alikuwa dirishani akinitazama nikizitazama, akingoja nifungue mdomo. Niliona uchungu, na nilimwonea mdogo wangu wivu mpya kabisa, si wa sakafu tena, ni wa ule mdomo wake unaojua kuomba. Lakini mkono ulijua kazi yake. Nilikata pembeni ya mstari mpaka mwisho, kama nilivyofundishwa.

Tulirudisha ubao mahali pake na kuuacha uwazi wa kidole kati yake na ukuta. Nikamwambia asirudishe ule ubao wa pembeni kwanza, tuipe sakafu muda wa kushuka. Ikawa inashuka polepole. Kila nikitoka kazini napita kuikagua, ananikaribisha chai, tunakaa pale chini tukiikanyagakanyaga na nyayo, hatuongei sana. Siku moja tulipokuwa tumekaa hivyo, baba akabisha hodi. Alikuwa amekuja bila taarifa, mwavuli unachuruzika. Akavua viatu, akaingia, akapiga hatua chache, akasimama. Alikuwa ameisikia.

Alitembea polepole kuelekea ukutani, akauona ule uwazi. Sisi wawili tulisimama bega kwa bega kama watoto waliovunja kikombe. Baba akapiga magoti, na ilimchukua muda kupiga magoti. Akaingiza kidole kati ya ubao na ukuta. Kikaenea. Akavaa miwani, akainamisha uso, akaufuata ukingo wa ubao taratibu kwa macho kutoka huku hadi kule.

"Nani kakata hapa?"

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa na sura ileile ya mlangoni, ya mtu mwenye sinia.

"Yeye," nikasema.

Neno lilinitoka kabla wivu wangu haujavaa viatu. Nilijuta palepale. Ile ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kukata, na aliyenifundisha alikuwa amepiga magoti mbele yake. Mdogo wangu alifungua mdomo aseme, nikamgusa kiwiko, akaufunga. Baba alipitisha ukucha juu ya ukingo wa ubao. Kutoka pale niliposimama niliiona alama ya penseli, nyembamba, nusu ya mstari, imenyooka hadi mwisho wa ukuta. Ukucha wake uliifuata yote.

"Umekata vizuri, mwanangu," akamwambia mdogo wangu. Hakugeuka. Kisha akasema, kama anayeongea na ukuta, kwamba milango yote ile, na hili akalisahau.

Mdogo wangu alisimama akiwa amejaa furaha isiyo yake, macho yanamng'aa, na mimi moyo ulikuwa unaniwaka kama mtu aliyemeza kaa la moto. Nilikuwa nimempa mbao, sasa nimempa na mkono wangu.

Baba akavua miwani akaiweka kwenye mfuko wa shati, pamoja na wembe. Akanyoosha mkono juu na nyuma, bila kutazama, kuelekea upande niliokuwa nimesimama.

"Mwenzangu," akasema, "inua."

Nikamshika mkono wa kulia. Nilikuwa bado sijaanza kuvuta nilipoona mkono wake wa kushoto umeshadakwa na mdogo wangu, ambaye hakuitwa. Anaushika vibaya, anauvuta badala ya kuubeba. Nikamwacha avute.